Kihisi cha LoRa kinachodumu zaidi ya mwaka kwa betri moja ya 18650: jinsi ya kupanga umeme wake

Kifaa tunachokijenga hapa kinakaa shambani. Kila baada ya dakika 10 kinapima unyevu na joto la udongo, kinatuma pakiti moja fupi kwa redio ya LoRa (redio ya masafa marefu inayotumia umeme kidogo), kisha kinalala. Katika sekunde 600 za kila mzunguko kiko macho kama sekunde 3 tu. Ndiyo maana anayemaliza betri kwa kawaida si redio, ingawa redio ndiyo hulaumiwa kwanza. Betri inakwisha katika zile sekunde 597 nyingine, kwa sababu ya taa ya LED iliyobandikwa na mtengenezaji wa bodi, regyuleta ya bei rahisi (kipande kinachoshusha volteji ya betri hadi ile ya bodi), au kihisi ambacho hakuna aliyekumbuka kukizima. Tutaufuata umeme kuanzia kwenye betri, kifaa baada ya kifaa, na kila kimoja kitoe hesabu yake.

Kwa bodi moja utahitaji: Arduino Pro Mini ya 3.3 V na 8 MHz (chipu yake ni ATmega328P), redio ya RFM95W na antena yake, kihisi cha joto DS18B20 cha waya kisichoingiza maji, kihisi cha unyevu wa udongo cha aina ya kapasita, betri moja ya 18650 (seli ya lithiamu) na kishikio chake, moduli ya kuchajia ya TP4056 yenye ulinzi wa betri, regyuleta ya MCP1700-3302, mosfeti ya AO3401 (swichi ya kielektroniki), resista mbili za 1 MΩ, mbili za 100 kΩ, moja ya 4.7 kΩ, kapasita za seramiki nne za 100 nF, mbili za 1 µF na moja ya 10 µF. Paneli ya sola nimeiacha nje kwa makusudi, na sababu yake utaiona kwenye hesabu.

Hesabu kabla ya kulehemu

Njia rahisi ni kuzidisha mkondo kwa muda. Miliampea mara sekunde hukupa mAs, nazo ukizigawa kwa 3600 unapata mAh, kipimo kilichoandikwa kwenye betri.

Wakati wa kupima, mikrokontrola inavuta kama 4 mA, kihisi cha unyevu 5 mA na DS18B20 1 mA. Hizo ni 10 mA kwa sekunde 0.8, yaani 8 mAs. Wakati wa kutuma, RFM95W ikiwekwa nguvu ya kutuma ya 17 dBm inavuta karibu 90 mA. Pakiti ya baiti 23 kwa SF7 (SF ni kiwango cha kutawanya mawimbi: kikipanda, pakiti inafika mbali zaidi lakini inachukua muda mrefu) na upana wa 125 kHz inachukua milisekunde 62, kwa hiyo kutuma kunakula kama 6 mAs. Baada ya hapo LoRaWAN, yaani kanuni za mtandao unaotumia LoRa, inataka kifaa kisubiri na kusikiliza mara mbili kama kuna jibu, na kwa mikrokontrola inayokaa macho muda wote huo weka 11 mAs. Jumla ni 25 mAs kwa mzunguko. Siku ina mizunguko 144, kwa hiyo ni 3600 mAs, au 1 mAh kwa siku nzima ya kazi.

Usingizini tunalenga 13 µA: regyuleta 1.6, saa ya ndani ya ATmega kama 6, redio 0.2, resista za kupimia betri 2 na chipu ya ulinzi wa betri 3. Kwa saa 24 hiyo ni 0.31 mAh.

Sasa linganisha na bodi iliyounganishwa jinsi ilivyotoka dukani. Regyuleta ya AMS1117, ambayo imejaa kwenye bodi za kujifunzia, inakula yenyewe kama 5 mA hata isipolisha kitu: 120 mAh kwa siku. Taa ya LED yenye resista ya 1 kΩ inakula 1.3 mA: 31 mAh. Kihisi cha unyevu kikiachwa kimewaka: 120 mAh nyingine. Redio ikiachwa katika hali ya kusubiri badala ya kulala inavuta 1.6 mA: 38 mAh. Karibu 310 mAh kwa siku, na betri ya 2500 mAh inakauka kwa siku 8. Hapo hakuna hata pakiti moja iliyohesabiwa.

Kwa mpango wetu, ukichukua 2000 mAh zinazotumika kwa usalama na ukaongeza kujivuja kwa betri yenyewe, ambako kwa asilimia 2 kwa mwezi ni kama 1.65 mAh kwa siku, unapata zaidi ya siku 650. Ona kwamba betri inajipotezea umeme mwingi kuliko unaotumiwa na kifaa chote. Ukifika hapo, kuhangaika na mikroampea mbili zaidi hakukuongezei kitu.

Tahadhari moja kuhusu redio. Ukipandisha hadi SF12, pakiti ileile inachukua sekunde 1.48, mara 24 zaidi, na kutuma peke yake kunapanda hadi 5.6 mAh kwa siku. Kabla ya kupandisha SF kwa sababu mawimbi hayafiki, inua antena juu ya mimea. Nguzo ya mita tatu ni rahisi kuliko betri.

Betri

Seli halisi ya 18650 ina uzito wa gramu 45 hivi, na zile nzuri zinazopatikana kwa wingi zinaishia karibu 3500 mAh. Iliyoandikwa 9900 mAh ni uongo, na mara nyingi mizani ya jikoni inatosha kuiumbua: ikisoma gramu 30, ndani hamna kitu. Seli zilizotolewa kwenye betri za kompyuta za mkononi, zile zinazouzwa kwa mafungu na mafundi wa Kariakoo au Luthuli Avenue, huwa na thamani zaidi kuliko hizo mpya za bandia, mradi uzichuje. Pima volteji unapozipokea, na zilizo chini ya 2 V usizichaji kabisa. Zinazobaki zijaze hadi 4.2 V, ziache wiki mbili bila kuziunganisha popote, kisha pima tena. Iliyoshuka chini ya 4.05 V inajivuja, na kwa kifaa cha miezi 20 haifai hata kama ujazo wake bado ni mzuri.

Betri ya kidonge ya CR2032 inavutia kwa udogo wake, lakini kwa kazi hii haifai. Ukinzani wake wa ndani ni makumi ya om kadiri inavyochoka. Kwa 20 Ω na mkondo wa 94 mA wa kutuma (90 za redio na 4 za mikrokontrola) inapoteza 1.9 V papo hapo, na chipu inazimika katikati ya kutuma.

LiFePO4 ni chaguo zuri zaidi kuliko wengi wanavyojua. Volteji yake ya kawaida ni 3.2 V, na ikijaa kabisa ni 3.65 V, kwa hiyo ATmega328P na RFM95W (kikomo chake cha kazi ni 3.7 V) zinaweza kulishwa moja kwa moja bila regyuleta. Ila usiichaji kwa TP4056, kwani hiyo inapandisha hadi 4.2 V na kuiharibu seli. Tumia chaja inayoweza kuwekwa 3.6 V, kama TP5000.

Regyuleta

AMS1117 ina tatizo la pili mbali na ulaji wake: inahitaji volteji ya kuingia iwe juu ya ile ya kutoka kwa kama 1.1 V. Ukiipa 3.7 V kutoka kwenye betri, inatoa 2.6 V. Kifaa kitafanya kazi mezani kikiwa kwenye USB ya 5 V, kisha kitagoma siku ya kwanza shambani. Ikiwa kifaa chako kina tabia hiyo, anza uchunguzi hapo.

MCP1700 inakula 1.6 µA, inatoa hadi 250 mA na inahitaji tofauti ya 178 mV tu kwenye mkondo huo wa juu kabisa. Kwa 94 mA yetu tofauti ni ndogo zaidi. Miguu ya ile ya TO-92 inafuatana hivi: 1 hasi, 2 kuingia, 3 kutoka. Usiige mpangilio wa AMS1117, kwa kuwa haufanani. Weka seramiki ya 1 µF kila upande, karibu na miguu kadiri uwezavyo. Upande wa kutoka usizidishe: regyuleta hii imeundwa kutulia na kapasita ya kati ya 1 µF na 22 µF, na anayebandika 470 µF pale akidhani anaisaidia anaweza kuifanya ianze kuyumba.

Wengine watakushauri utumie kibadilishaji cha kukata umeme (kinachowasha na kukata umeme harakaharaka ili kushusha volteji) badala ya regyuleta ya kawaida, eti kina ufanisi zaidi. Piga hesabu: kutoka 3.7 V hadi 3.3 V, regyuleta ya kawaida ina ufanisi wa asilimia 89. Moduli nyingi za bei rahisi za kukata umeme zinaufikia ufanisi wao mzuri zikiwa na mzigo mkubwa, halafu zinakula miliampea nzima kifaa kikiwa kimelala. Kwa betri moja ya lithiamu, regyuleta ya kawaida inatosha.

Ukitumia ESP32 (chipu yenye Wi-Fi) badala ya ATmega, MCP1700 haitoshi. Espressif wanapendekeza chanzo cha angalau 500 mA kwa sababu Wi-Fi inavuta kwa vipindi vifupi vyenye mkondo mkubwa. HT7833 (500 mA, inakula kama 4 µA) au RT9080 (600 mA, kama 2 µA) zinafaa. Hesabu nayo inabadilika. Kuunganika na Wi-Fi kwa sekunde 4 kwa wastani wa 120 mA, mara 144, ni zaidi ya 19 mAh kwa siku. Hapo usingizi si tena mwizi mkuu. Mwizi ni idadi ya kuamka, na dawa ni kupima kila dakika 10 lakini kutuma mara moja kwa saa.

Kwenye Pro Mini, ng'oa regyuleta iliyokuja nayo na taa ya LED ya umeme. Huhitaji kifaa cha hewa moto. Weka risasi ya kulehemu kwa wingi kwenye ncha zote za resista ya hiyo LED, zipashe kwa pamoja na itajitoa yenyewe. Umeme wa MCP1700 unaingia kwenye pini ya VCC, si RAW.

Kuzima vihisi

Hapa ndipo vifaa vingi vinapokwama, hata vilivyojengwa na watu wenye uzoefu.

AO3401 ni mosfeti ya aina ya P inayofunguka vizuri kwa 3.3 V. Usiweke IRF9540 kwa sababu tu unayo kwenye sanduku, kwani yenyewe inataka volteji kubwa zaidi kwenye geti. Katika umbo la SOT-23 mguu wa 1 ni geti, wa 2 ni sosi, wa 3 ni dreni. Sosi iende kwenye 3.3 V, dreni iende kwenye chanya ya vihisi, geti iende kwenye pini ya mikrokontrola. Kati ya geti na sosi weka resista ya 100 kΩ. Resista hii ndiyo inayohakikisha vihisi vinabaki vimezimwa wakati chipu inawaka na pini zake bado hazijaamuliwa. Pini ikiwa chini, vihisi vinawaka. Ikiwa juu, vinazimika. Hiyo 100 kΩ inakula 33 µA, lakini wakati wa kupima tu.

Kama jumla ya vihisi haizidi 10 mA, unaweza hata kuachana na mosfeti ukavilisha kutoka kwenye pini ya ATmega moja kwa moja. Inaruhusiwa na inafanya kazi. Mimi bado naipendelea mosfeti kwa bodi ya majaribio, kwa sababu kesho utaongeza kihisi cha tatu na hesabu itaharibika.

Sasa mtego wenyewe. Umezima chanya ya DS18B20, lakini waya wake wa data bado una resista ya 4.7 kΩ inayouvuta juu. Ukiifunga resista hiyo kwenye 3.3 V ya kudumu, umeme utapita kwenye resista, uingie kihisini kupitia waya wa data, upenye daiodi za ulinzi zilizo ndani ya chipu na kuilisha reli nzima ya vihisi (njia ya chanya inayovilisha) kwa mlango wa nyuma. Dalili ni mbili: mkondo wa usingizi unaokaribia 0.7 mA, na kihisi kinachotoa majibu ya ovyo kikiamshwa kwa kuwa hakikuwahi kuzimika sawasawa. Kwa hiyo 4.7 kΩ ifungwe kwenye reli inayozimwa na AO3401, na programu iweke pini ya data chini kabla ya kulala. Ni hivyohivyo kwa kihisi chochote cha I2C: resista za SDA na SCL (waya zake mbili za mawasiliano) zizimwe pamoja na kihisi chake. Uhakiki wake ni rahisi. Kifaa kikiwa kimelala, weka mita kati ya hasi na reli ya vihisi. Ukisoma 1 V au 2 V, kuna mlango wa nyuma. Inatakiwa chini ya 0.1 V.

Kihisi cha unyevu cha kapasita kina mtego wake. Soma maandishi kwenye chipu yake. Ikiwa ni TLC555 kitafanya kazi kwa 3.3 V. Ikiwa ni NE555 kinahitaji 4.5 V, na kwenye 3.3 V kitakupa namba zisizobadilika hata ukikitumbukiza kwenye ndoo. Zipake kingo za bodi yake varnishi mara mbili, kwa sababu pale ilipokatwa kiwandani ndipo maji yanapoingia. Ili kujua kisubiriwe muda gani baada ya kuwashwa, soma thamani yake kila milisekunde 50, uzichapishe zote na uangalie zinatulia wapi.

DS18B20 kwa mpangilio wake wa kawaida, biti 12, inachukua milisekunde 750 kutoa jibu. Udongo haubadiliki joto kwa sehemu za mia za digrii. Iweke biti 10, upate hatua za nyuzi 0.25 kwa milisekunde 188. Kihisi cha unyevu kikitulia ndani ya muda huo, zile 8 mAs za kupima zinashuka hadi kama 2.

Redio na mikrokontrola zilale kweli

RFM95W ina hali tatu zinazotuhusu: kulala kwa 0.2 µA, kusubiri kwa 1.6 mA, na kusikiliza kwa 11 mA hivi. Maktaba nyingine za programu huiacha katika kusubiri baada ya kutuma, kwa hiyo toa amri ya kulala wewe mwenyewe. Pini ya NSS, inayoichagua redio ipokee amri, ivutwe juu kwa resista ya 100 kΩ ili redio isipokee amri za ovyo chipu inapowaka. Weka 100 nF na 10 µF karibu na mguu wake wa 3.3 V. Na usitume hata mara moja bila antena.

Kwa ATmega328P mambo ni mawili kabla ya kulala. Zima kigeuzi cha analogi (kinachogeuza volteji kuwa namba) kwa `ADCSRA = 0`, maana kikisahauliwa kinakula mikroampea mia na zaidi. Kisha zima kilinzi cha volteji ya chini wakati wa usingizi tu kwa `sleep_bod_disable()`, ambacho kinakula kama 20 µA. Usikizime moja kwa moja kwenye fyuzi za chipu (mipangilio yake ya kudumu): wakati wa kuamka unakihitaji, kwa sababu ATmega ikiendeshwa na betri iliyochoka inaweza kuandika takataka kwenye kumbukumbu yake.

Saa ya ndani inaamsha chipu kila sekunde 8 kwa upeo, kwa hiyo dakika 10 ni kuamka mara 75, kuongeza hesabu na kulala tena. Saa hii si sahihi sana, na dakika zako 10 zinaweza kuwa 9 au 11. Kwa unyevu wa udongo haidhuru. Linalodhuru ni kwamba saa ya `micros()` inasimama chipu ikilala, na maktaba ya LMIC, inayoendesha LoRaWAN kwenye chipu, inaitumia hiyo kuhesabu ni lini inaruhusiwa kutuma tena. Inadhani sekunde chache tu zimepita, hivyo inakataa kutuma, na wewe unaona pakiti zinakuja kila baada ya saa badala ya dakika. Kwa kila usingizi wa sekunde 8 kwenye 8 MHz, ongeza 3906 kwenye `timer0_overflow_count`.

Kuna wanaopendelea chipu ya TPL5110, ambayo inakula nanoampea 35 na kukata umeme wa kifaa chote. Ni nzuri, lakini kifaa kinaamka bila kukumbuka chochote, na LoRaWAN inataka hesabu ya pakiti isirudi nyuma. Ukiihifadhi kwenye EEPROM ya ATmega (kumbukumbu isiyofutika umeme ukikatwa), sehemu moja imethibitishwa kuandikwa mara 100,000, na kwa 144 kwa siku utazimaliza ndani ya siku 694. Zungusha uandishi kwenye sehemu nyingi, au tumia kumbukumbu ya FRAM, isiyochakaa haraka kwa kuandikwa.

Kapasita kubwa

Seli ya 18650 yenye afya haitikisiki kwa 94 mA, kwa hiyo kwenye bodi hii hakuna kapasita kubwa ya elektrolitiki. Kapasita hizo zinavuja. Kanuni inayoandikwa na watengenezaji ni 0.01 mara ujazo kwa mikrofaradi mara volti, kwa hiyo 1000 µF ya 6.3 V inaruhusiwa kuvuja hadi 63 µA, karibu mara tano ya kifaa chako chote. Nyingi huvuja pungufu ya hapo, lakini pima kabla ya kuiamini. Kwa ESP32 kapasita kubwa inahitajika. Iweke upande wa betri au chagua regyuleta inayoivumilia upande wa kutoka.

Kuchaji

Chagua moduli ya TP4056 yenye pini sita, yaani yenye OUT+ na OUT− pamoja na B+ na B−. Ndani yake kuna DW01A, chipu ya ulinzi inayokata betri ikifika 2.4 V. Hicho ni kinga ya mwisho, si mpango wa kazi. Programu yako iache kutuma betri ikifika 3.4 V, ibaki inaamka mara moja kwa siku kutoa taarifa.

Resista ya 1.2 kΩ iliyoko kwenye moduli inaweka mkondo wa kuchaji kuwa 1 A. Ni mwingi mno kwa paneli ndogo: volteji ya paneli inaporomoka, chaja inazimika, paneli inapanda tena, chaja inawaka, na mchezo huo unaendelea mchana kutwa bila betri kujaa. Ibadilishe iwe 10 kΩ, upate kama 130 mA. Paneli ya 6 V na 1 W inafaa, ila pima volteji yake ikiwa juani bila mzigo, kwa sababu mwisho wa TP4056 ni 8 V. Daiodi ya kuzuia umeme kurudi usiku haihitajiki. Chipu yenyewe inazuia.

Lakini je, unahitaji sola? Kifaa hiki kinatumia 1.3 mAh kwa siku, na paneli hiyo inarudisha kazi ya mwaka mzima kwa jua la siku moja. Baada ya hapo betri inakaa 4.2 V ndani ya boksi la moto kwa miezi, na hakuna kinachoizeesha seli ya lithiamu haraka kama kujaa na joto kwa pamoja. Kibaya zaidi, seli hizi hazitakiwi kuchajiwa zikiwa juu ya nyuzi 45, na kwenye moduli hizi pini ya TEMP imefungwa kwenye hasi, kwa hiyo hakuna anayeangalia joto. Ushauri wangu: acha sola, chaji kwa mkono mara moja kwa mwaka. Sola iwe ya vifaa vya ESP32 au vyenye kipokezi kinachosikiliza muda wote, na hapo boksi liwe jeupe, likae kwenye kivuli cha paneli yenyewe.

Kishikio cha 18650 kinakubali betri iliyogeuzwa, na TP4056 haisamehe. AO3401 ya pili inaweza kulinda bodi ukiiweka baada ya OUT+, dreni ikitazama upande wa betri, sosi upande wa bodi na geti kwenye hasi, lakini chaja inabaki wazi. Andika + kubwa kwa rangi kwenye kishikio.

Kujua betri imebaki kiasi gani

Resista mbili za 1 MΩ kati ya OUT+ na hasi, katikati yake iende A0, na 100 nF kutoka A0 hadi hasi. Zinakula 2.1 µA betri ikiwa imejaa. Hiyo kapasita si ya hiari: kigeuzi cha ATmega kinataka chanzo chenye ukinzani usiozidi 10 kΩ hivi, na bila kapasita kitasoma chini ya ukweli. Linganisha usomaji na mita yako mara moja, uandike tofauti kwenye programu.

Kupima mkondo wa usingizi

Mita ya bei rahisi ikiwekwa kwenye 2000 µA ina ukinzani wa karibu 100 Ω ndani yake. Kifaa kikijaribu kuvuta 94 mA kupitia hapo, volteji yote inabaki kwenye mita na chipu inajiwasha upya bila kikomo. Kwa hiyo fanya hivi. Unganisha mita mfululizo na waya wa chanya kati ya OUT+ na bodi. Weka waya mfupi wenye vibano unaoruka mita, ili umeme upite humo. Washa kifaa, subiri kitume na kilale. Ng'oa waya mfupi, soma, kisha urudishe kabla hakijaamka. Hakikisha kebo ya kuprogramu imetolewa, kwa maana nayo inalisha bodi kupitia pini za data. Mwenye uwezo wa kupata Power Profiler Kit II ya Nordic aitumie: inapima kuanzia 200 nA hadi 1 A bila kubadili kipimo, na inakuonyesha kila kuamka kama mchoro. Njia ya waya mfupi haioni ulaji wa DW01A, resista za kupimia betri na chaja kwa kuwa viko kabla ya mita, kwa hiyo namba unayoitafuta hapa ni 8 µA hivi.

Ukisoma 5 mA, kihisi cha unyevu hakikuzimika. 1.6 mA ni redio iliyoachwa kusubiri, na 1.3 mA ni LED. 0.7 mA ni resista ya 4.7 kΩ iliyofungwa pabaya. Mia moja hadi mia tatu za mikroampea ni kigeuzi cha analogi. Karibu 28 µA ni kilinzi cha volteji ya chini. Kama namba zinayumba ukisogeza mkono karibu na bodi, kuna pini iliyoachwa hewani. Zote zisizotumika ziwekwe kama za kutoa, zikiwa chini.

Na ikiwa mezani ulisoma 8 µA lakini betri shambani inashuka haraka, hasa maeneo ya pwani na misimu ya mvua, tazama uchafu. Mabaki ya dawa ya kulehemu yakinyonya unyevu yanakuwa njia ya umeme, na kwenye resista za 1 MΩ hiyo njia inaonekana pia kama betri inayosomeka vibaya alfajiri na kurudi sawa mchana. Sugua bodi kwa mswaki na alkoholi ya isopropili, ikaushe kabisa, ipake varnishi ya bodi ukiziba kwanza soketi ya antena kwa utepe wa karatasi wenye gundi, kisha pima tena usiku.